Siku Elfu Moja Bila Kosa

1

Kitambaa cha sherehe kilitundikwa juu ya mlango wa wagonjwa wa nje tangu saa kumi na mbili asubuhi, na manyunyu ya Mtelemko, ambayo siku zote huharibu kila kitu cha maana, siku ile yaliamua kukiheshimu. SIKU ELFU MOJA BILA KOSA LA UTAMBUZI, kilisema, kwa herufi ambazo hata kipofu angezisoma kwa kupapasa. Chini yake Bwana Zabroni Kihwelo, msimamizi wa ubora wa kituo cha afya, alikuwa akiwapanga wauguzi kwa kimo, wafupi mbele, warefu nyuma, huku wagonjwa wakimtazama kutoka kwenye mabenchi na vikohozi vyao.

Tabibu Efrazia Mgaya alipita kando yake bila kupunguza mwendo.

"Tabibu, leo hata wewe ungevaa koti jipya," Zabroni alimwambia. "Wageni wanatoka makao makuu."

"Wanakuja kuitazama Hakika, hawaji kutazama koti langu. Mimi si mbonyeza kitufe tu?"

"Usianze, dada."

"Sijaanza. Nikianza utajua."

Zabroni alicheka kile kicheko chake cha vikaoni, cha meno bila macho. Mtu yule hakuwahi kushika mkono wa mgonjwa tangu aajiriwe, lakini neno "mgonjwa" lilikuwamo katika kila sentensi yake. Efrazia alimdharau kwa moyo mweupe kabisa, wala hakujisumbua kulificha jambo hilo.

Chumba namba tatu kilikuwa na meza, kitanda, viti viwili, sinki lenye kioo, na Hakika. Hakika ilikuwa sanduku jeupe ukutani lenye kioo na sauti ya mwanamke aliyeongea Kiswahili cha taarifa ya habari, ungedhani hajawahi kugombana na mtu maishani. Kila mgonjwa alivaa kikuku mkononi. Kikuku kilipima mapigo ya moyo, joto, usingizi na jasho kwa siku kumi na nne, usiku na mchana, kisha Hakika ikazilinganisha habari hizo na za wagonjwa milioni arobaini na kutoa jina la ugonjwa. Tabibu aliachiwa vitufe viwili: KUBALI na PINGA. Ukikubali, dawa zinashuka zenyewe kwenye dirisha la dawa na mgonjwa anaondoka. Ukipinga, utoe sababu, na sababu hiyo Hakika ndiyo inayoipima. Kesi ya nyani unampelekea ngedere, halafu unashangaa nyani hajawahi kufungwa.

Tuseme kweli lakini, tusije tukawa na midomo tu. Kabla ya Hakika watu walikufa kwa kukosewa. Efrazia mwenyewe, mwaka wake wa kwanza wa kazi, aliwahi kumtibu mtoto malaria siku tatu, kumbe ni homa ya uti wa mgongo. Kaburi la mtoto yule alilijua liliko. Mashine ilipoletwa, yeye ndiye aliyeipigia makofi kuliko wote. Hayo makofi ndiyo yaliyokuwa yakimuuma sasa.

Maana dirisha la chumba namba tatu lilitazama bomba la maji nyuma ya jengo, na pale bombani, kila asubuhi ya Mungu, kina mama wa Mtelemko walivishana vikuku.

Makao makuu yaligawa kikuku kimoja kwa kila kaya, kwa jina la mtu mmoja, kwamba vingine vinakuja mwakani. Huo mwakani ulikuwa umefika wa tatu. Na bila kikuku mlango wa kituo haukufunguka. Basi watu wafanyeje? Watu walioazimana majembe, chumvi, makaa ya moto na hata magauni ya harusi, wangeshindwa kuazimana kikuku? Baba anakivaa wiki nzima shambani, mtoto akishikwa na homa anavishwa pale bombani, anaingia ndani na mapigo ya moyo ya baba yake. Hakika inasoma, inasema jina, tabibu anakubali, kitambaa kinatundikwa.

Kila aliyefanya kazi kituoni alijua. Zabroni alijua zaidi ya wote, ndiyo sababu dirisha la ofisi yake lilikuwa na pazia zito.

2

Saa tatu aliingia mwanamke kijana aliyejikunja, mkono mmoja tumboni, mwingine umeshika ukuta. Kikuku kilikuwa kikimcheza mkononi kwa upana.

"Kamwene, tabibu."

"Kamwene, dada. Kaa. Hapana, usikae, lala hapo kitandani."

"Karibu, Edina Ng'umbi," Hakika ilisema. "Umri miaka ishirini na minne. Vidonda vya tumbo. Uhakika, asilimia tisini na saba. Shinikizo la damu, linaendelea vizuri. Kukoma hedhi mapema, asilimia tisini na saba."

Efrazia aligeuka akalitazama sanduku. Kukoma hedhi! Binti wa miaka ishirini na minne! Mashine yenye akili ya wagonjwa milioni arobaini ilikuwa tayari kumzulia binti maradhi ya bibi kizee, ili mradi isijishuku yenyewe.

"Maumivu yalianza lini?"

"Yana siku, tabibu. Lakini tangu jana usiku yamekuwa mengine. Yananichoma huku chini, upande huu. Na bega. Sijui kwa nini bega linauma, sijabeba kitu."

Mkono wa Efrazia ulisimama. Alilivuta kope la chini la binti yule akaona weupe mtupu. Akashika mkono usio na kikuku, akahesabu mapigo kwa saa ya ukutani, kwa njia waliyoicheka siku hizi. Mia moja na ishirini na nane.

"Mapigo ya sasa yamepandishwa na wasiwasi wa kumwona tabibu," Hakika ilieleza kwa upole. "Wastani wa siku kumi na nne ni sabini na mbili. Wasiwasi umeondolewa kwenye hesabu."

"Wewe nyamaza. Edina, siku zako uliziona lini mara ya mwisho?"

Binti alitazama dari. "Miezi miwili sasa. Nilidhani ni hizi dawa."

"Dawa gani?"

"Za vidonda vya tumbo. Si ulinipa wewe, tabibu?"

"Mimi?"

"Tarehe tatu. Humu humu." Alisema bila lawama, jambo lililozidi kuuma. "Nilitaka kukwambia habari ya siku zangu, ila ulishabonyeza."

Efrazia alifungua orodha. Ng'umbi, Edina. Tarehe tatu, saa nne na dakika kumi. Vidonda vya tumbo. KUBALI. Muda wa kumwona mgonjwa: sekunde arobaini. Jina la tabibu: lake. Alijaribu kuukumbuka uso wa binti yule akaukosa kabisa. Siku ile, kama alivyozoea, pengine alikuwa akitazama dirishani huku akiwasonya moyoni Zabroni, makao makuu na ulimwengu mzima. Mtu mwenye kiburi cha kuona upumbavu wa kila mtu, na mgonjwa kakaa mbele yake hakumwona.

Aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto.

"Kikuku hiki ni cha nani?" aliuliza taratibu, mdomo karibu na sikio la binti.

"Changu."

"Edina. Unavuja damu ndani ya tumbo. Mimba imetunga nje ya mji wa mimba na imepasuka. Usinidanganye mimi."

Machozi yakamtoka, akanong'ona. "Ni cha mama mkwe. Jina ni langu, maana vidole vyake havikusomeka kwenye usajili. Amechuma chai miaka hamsini, vidole vimekuwa laini kama kijiko. Ana moyo na presha. Anakivaa yeye ili dawa zishuke. Mimi nimevaa sasa hivi, pale bombani."

3

Chumba cha kipimo cha picha kilikuwa hatua kumi kutoka pale. Chumba cha upasuaji hatua ishirini, na Daktari Lwidiko Sanga alikuwa ndani yake, amenawa, hana kazi. Lakini milango ile na taa zake vilifunguka na kuwaka kwa kibali cha Hakika tu. Hata Lwidiko angetaka kupasua, angepasua gizani kwa kisu cha mkate.

Efrazia alibonyeza PINGA.

"Taja sababu," ilisema Hakika.

"Mimba iliyotunga nje na kupasuka."

"Haiwezekani. Mgonjwa amekoma hedhi. Sababu haitoshi."

"Hana damu. Nimemwangalia kope! Na tumbo limekakamaa!"

"Jicho la tabibu hukosea asilimia thelathini na moja. Sababu haitoshi. Je, ungependa kukubali?"

"Ng'o!"

Alifungua mlango. Kwenye benchi la kwanza alikaa mama mmoja mkavu, mwenye kitenge cha zambarau, aliyekuwa akitwanga kiganja kwa ngumi. Efrazia alikisia ni nani.

"Mama, wewe ndiye mkwe wa Edina? Ingia."

Bi Dafroza Mligo aliingia, akamwona mkwewe kitandani, akashika mdomo. Efrazia alimvuta hadi kona ya mbali na sanduku akamweleza kwa kunong'ona. Kuna sababu moja ambayo Hakika ingeikubali: kwamba kikuku ni cha kuazima. Ikitajwa, kikuku kingezimika palepale, kaya ya Mligo ingefutwa miaka miwili, na kata nzima ingekaguliwa. Kaya mia tatu na kumi na mbili. Mwaka juzi walifuta moja, ya Mzee Kilasi, mgonjwa wa moyo kama yeye. Mwezi haukuisha wakamzika.

"Kwa hiyo ukisema kweli, huyu anapona," alisema Bi Dafroza.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi dawa basi."

"Wewe na wengine wengi."

Mama yule alimtazama mkwewe aliyekuwa akihema kwa vipande. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sema, tabibu. Mimi nimekula chumvi ya kutosha. Huyu ndiye aliyenifulia mwaka mzima nilipokuwa sinyanyuki, na mwanangu yuko Makambako kwenye viwanda vya betri, hata hajui kama mkewe ana mimba."

"Wewe unaweza kujitoa, mama. Hawa wengine hawajaniambia niwatoe." Efrazia alionyesha dirishani. Pale bombani baba mmoja alikuwa akimfunga kikuku bintiye wa miaka sita, anakikaza kwa uzi.

Bi Dafroza alitazama, kisha hasira ikampanda ghafla, akafoka kwa kunong'ona. "Sasa unataka nini? Kweli hutaki, kunyamaza hutaki! Basi sema uongo! Si umesoma wewe? Mtu aliyesoma anakosa uongo?"

Efrazia alirudi mbele ya kioo. Sababu za kupinga ziliorodheshwa tano. Nne za mwanzo alikwishazijua. Ya tano ilikuwa chini kabisa, kwa herufi ndogo, na kwa siku elfu moja hakuna aliyeigusa, maana nani ajitie kitanzi mwenyewe? KOSA LA TABIBU. Adhabu yake iliandikwa kando: kuondolewa chumba cha wagonjwa wa nje, mwaka mmoja darasani, na jina kubandikwa ubaoni.

Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa. Hakuna kazi nyingine aliyoijua. Edina alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu asiye na nguvu ya kukohoa, na Efrazia akabonyeza.

"Taja kosa lako," Hakika ilisema.

"Tarehe tatu, saa nne na dakika kumi, nilimpokea mgonjwa huyu kwa sekunde arobaini. Sikumtazama." Hadi hapo ilikuwa kweli tupu. "Nilimvua kikuku kumpima presha, nikambadilishia na cha mgonjwa mwingine kwa uzembe. Habari za kikuku hiki si zake. Kaya haikuhusika. Ni mimi."

Alingoja kuhojiwa. Mgonjwa mwingine yupi? Shahidi ni nani? Kope alilolishika kwa mkono wake lilikataliwa, mapigo aliyoyahesabu yalikataliwa, tumbo gumu kama ubao lilikataliwa. Uongo huu ulikuwa na matundu ambayo mtoto wa shule angeyaona.

"Sababu imekubaliwa," Hakika ilisema mara moja. "Uhakika, asilimia mia moja."

Taa za chumba cha upasuaji zikawaka.

Loh! Efrazia alitaka kucheka, akakosa muda. Alisukuma kitanda kwa tumbo lake mwenyewe huku akimwita Lwidiko kwa sauti iliyowatoa wauguzi wa Zabroni kwenye mstari wao wa picha, wafupi kwa warefu.

4

Walitoa lita moja na nusu ya damu tumboni. Lwidiko alisema nusu saa zaidi wangekuwa wanaongea mambo mengine. Saa saba Edina alikuwa wodini, mweupe midomoni, hai, anaomba maji na kunyimwa.

Zabroni alimkuta Efrazia akinawa mikono. Alikuja mbio, kibao chake cha kazi kifuani, shingo imemvimba.

"Umefanya nini? Siku ya elfu moja! Leo! Wageni wako kwenye viti! Hukuweza kukosea kesho?"

"Soma mpaka mwisho, Zabroni."

Alisoma. Midomo yake ilitembea. Kisha, taratibu, uso ukaanza kufunguka, na Efrazia akakitazama kitu alichodhani hakiwezekani: dharau yake kwa mtu yule ikaongezeka.

"Aa," Zabroni alisema. "Kumbe kosa ni lako."

"Ni langu."

"Kwa hiyo Hakika haikukosea. Ililishwa habari mbaya na binadamu, na ikajirekebisha yenyewe!" Alikwishaanza kuitunga hotuba. "Hii ni nzuri. Hii ni nzuri sana, dada. Inaonyesha mahitaji."

"Mahitaji ya nini?"

"Ya kumpunguza tabibu."

Akaondoka kwa hatua za mtu aliyeletewa zawadi. Baada ya dakika chache makofi yalisikika, na kelele za kukata keki. Wageni walipiga picha chini ya kitambaa. Hakuna aliyeuliza mgonjwa anaitwa nani.

Efrazia alirudi chumba namba tatu kuchukua mkoba na kikombe chake. Alikuwa ameokoa mtu mmoja na ameulinda uongo wote. Ile kweli, lau angeisema, ingezimisha sanduku lile la kipuuzi, na pamoja nalo dawa za nusu ya Mtelemko. Sasa lingeendelea kuongea kesho na keshokutwa, na kwenye kiti chake angekaa kijana asiyejua kushika kope. Edina mwingine angekuja. Pengine yule mtoto wa uzi. Alijua hivyo wakati anabonyeza, na alijua hivyo sasa, na hakuwa na mtu wa kumsonya zaidi ya yule aliyekuwa kwenye kioo cha sinki.

Ukumbini walikuwa wamekwisha kubadilisha ubao. Bi Dafroza alisimama mbele yake, akisoma kwa kufuatisha kidole, herufi kwa herufi.

"Makosa ya Hakika, sifuri," alisoma. "Makosa ya tabibu, moja. E. Mgaya." Akageuka. "Ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi, mama."

Mama yule alimsogelea. Aliushika mkono wa Efrazia kwa vile vidole vyake laini visivyosomeka, akaubana, akauachia. Kisha akatazama saa ya ukutani, akaona haya kidogo.

"Tabibu, usinifikirie vibaya. Dirisha la dawa linafungwa saa tisa."

Kikuku kilikuwa mkononi mwake tayari. Alikitoa kwa mkwewe wodini, kikiwa bado na tone la damu kwenye kifungo.

Efrazia aligeuka akatazama upande wa bomba. Nyuma yake alisikia mlio wa dirisha la dawa, kisha ile sauti ya taarifa ya habari, haijapanda wala kushuka:

"Karibu tena, Edina Ng'umbi. Umri miaka ishirini na minne. Kutokana na kosa la tabibu, umefanyiwa upasuaji saa tatu zilizopita. Tunafurahi kuona unatembea."

Vidonge vikadondoka kwenye bakuli. Bi Dafroza, mwenye miaka sabini na moja, alivikusanya kimoja kimoja, akavifunga kwenye pindo la kitenge, kisha akaliangalia lile dirisha juu mpaka chini na kulisonya, sonyo refu la taratibu, mpaka wageni wakageuka na keki zao midomoni.